Sangara wa Rubondo au sangara wa Turkana: mvuvi wa Dar aende wapi?

Mvuvi wa starehe wa Dar es Salaam ni mtu wa bahari. Ukimwambia unakwenda kuvua, anafikiria Mafia, au kisiwa cha Latham, au nguru wa nje ya Mbudya kabla upepo haujaamka. Maji baridi humjia akilini baadaye, hasa akishatumiwa picha ya sangara aliyelala mapajani mwa watu wawili. Hapo swali linaanza kuzunguka kwenye simu: twende Rubondo, au tujikaze tufike Turkana?

Rubondo ni kisiwa cha kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoani Geita, na ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Turkana ni ziwa la jangwani kaskazini mwa Kenya, refu na jembamba, ncha yake ya juu ikiingia Ethiopia. Samaki anayefuatwa kote kuwili ni mmoja: sangara, ambaye wataalamu humwita Lates niloticus. Anaweza kufika mita mbili na uzito wa kilo 200, ingawa rekodi ya dunia ya fimbo na mshipi ni kilo 104 na ushee, samaki aliyetolewa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Ndiye huyuhuyu ambaye minofu yake imelala kwenye friza za supamaketi za Mikocheni.

Watu wengi huanza kulinganisha kwa nauli. Mimi ningeanza kwingine: samaki akishafika ubavuni mwa boti, utamfanya nini? Unataka kumla, kumrudisha, au kupiga picha kwanza na mengine yajulikane baadaye? Jibu lako ndilo litakalochagua ziwa, kwa sababu sangara wa Turkana ni mwenyeji wa maji yale tangu zama za kale, na sangara wa Victoria aliletwa na watu.

Mwenyeji na mletwa

Turkana iliwahi kuungana na mfumo wa mto Nile, ndiyo maana samaki wake wengi ni ndugu wa samaki wa Nile: sangara, sato, kambale, na yule mwenye meno marefu ya kutisha wa jamii ya Hydrocynus. Wameishi pamoja muda mrefu kiasi kwamba kila mmoja ana nafasi yake. Kuna hata sangara wa pili, Lates longispinis, mdogo kuliko mwenzake, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Ukimrudisha sangara mkubwa Turkana, umerudisha kiumbe wa pale, sawa na kumwacha mamba akae kwenye mchanga wake.

Victoria hakukuwa na sangara kabisa. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, upande wa Uganda na Kenya. Hoja ilikuwa kwamba ziwa limejaa furu, samaki wadogo, wenye miiba, wasio na bei, basi atafutwe mkubwa wa kuwala na kuwageuza nyama ya maana. Kwa miaka kama ishirini mambo yalionekana ya kawaida. Miaka ya 1980 sangara akalipuka. Watafiti wa Kiholanzi na Kitanzania, waliokuwa wakichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, waliona nyavu zao zikibadilika: palipotoka furu wa kila rangi sasa palitoka sangara. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, na inakadiriwa kwamba karibu 200 zilitoweka.

Tusimtwishe mzigo wote peke yake. Mbolea na maji taka yalilisha mwani, maji yakawa na ukungu, oksijeni ikapungua kule chini. Jike la furu huchagua dume kwa rangi, na kwenye maji ya giza rangi hazionekani, aina zikaanza kuchanganyika. Ngege, yule wa asili ambaye wazee wa Mwanza bado humtaja kwa masikitiko, alibanwa zaidi na sato, naye sato aliletwa vilevile. Ukila sato wa kukaanga pale Mwenge ukidhani unakula samaki wa asili wa Victoria, pole.

Mvuvi mwenye nia njema hukwama hapa. Ukimrudisha sangara wa kilo 40 Rubondo, umehifadhi nini? Nimewasikia wenye msimamo mkali wakisema umemlinda mwizi. Siko upande wao. Victoria ya leo si ile ya 1950. Viwanda vya minofu vya Mwanza na Musoma, madereva wa malori, akina mama wa mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa), wanunuzi wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, ambao hulipa bondo bei ya kushangaza ili lisafirishwe China, wote wanaishi kwa samaki huyu. Tena uvuvi mkali ulipompunguza, baadhi ya furu waliodhaniwa wamekwisha walianza kuonekana upya. Ziwa kwa hiyo linahitaji sangara avuliwe, ila lisibaki bila wazazi. Sangara wakubwa karibu wote ni majike, na ndio wenye mayai mengi. Kanda ya Ziwa kila mtu anakijua kipimo cha sentimita 50 hadi 85: aliye chini ya 50 bado hajazaa, aliyezidi 85 ndiye mama wa wengine. Kanuni zake zimekuwa zikirekebishwa, kwa hiyo muulize afisa uvuvi zinasemaje wiki unayokwenda. Mantiki yake kwa mvuvi wa fimbo ni nyepesi: wa katikati mle, mkubwa mwachie.

Kwa anayetaka kula samaki wake bila kujitetea mbele ya mtu, Victoria inashinda. Kwa anayetaka kurudisha kila samaki akiwa na dhamiri safi, ni Turkana, ingawa nako kuna kwikwi yake nitakayoieleza.

Anayelinda ni nani

Hifadhi ya Rubondo ina kilomita za mraba zipatazo 457, kidogo zaidi ya nusu ikiwa nchi kavu na inayobaki maji. Ndani ya mpaka huo uvuvi wa biashara ni marufuku. Hakuna kokoro (wavu wa kuburuta), hakuna timba (nyavu zilizounganishwa), hakuna mtego wa usiku. Askari wa TANAPA wanakimbizana na wavuvi haramu wa samaki kama wenzao wa Serengeti wanavyokimbizana na majangili. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga nje ya mpaka kama mtaa. Wanajua kwa nini wanakaa pale: samaki wanaozaliana ndani hutoka, na anayetoka ni halali yao. Hilo ndilo linalofanya sangara wa Rubondo wawe wakubwa kuliko wa mialo ya jirani. Wameachwa wakue.

Uvuvi wa fimbo umeruhusiwa kwa kibali cha hifadhi. Uko chini ya macho ya watu, boti inajulikana, nahodha anajulikana, na samaki uliyemrudisha ana nafasi ya kweli ya kuishi.

Turkana ina ulinzi mkubwa wa karatasi na mdogo wa maji. Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini ni hifadhi za taifa za Kenya na ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997, ambapo Kisiwa cha Kusini kiliongezwa 2001. Mwaka 2018 zikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sababu haikuwa wavuvi. Ilikuwa maji. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaoleta zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Turkana, na bwawa la Gibe III, lililozinduliwa 2016, pamoja na mashamba makubwa ya miwa kule chini ya mto, yamebadilisha namna mto unavyopumua. Mafuriko ya Omo yalikuwa yakileta rutuba na kuwapa samaki ishara ya kuzaliana. Bwawa huyasawazisha mafuriko. Kwa umeme ni jambo jema, kwa sato wa kwenye ghuba zenye kina kifupi ni balaa.

Halafu miaka ya karibuni mvua zimekuwa kubwa, na ziwa likapanda badala ya kushuka, likameza nyumba na barabara za ufukweni. Usishangae mtu wa Kalokol akikuambia ziwa linafurika wakati wewe ulisoma kwamba linakufa kiu. Bwawa lipo, mvua nazo zilinyesha.

Nje ya hifadhi zile, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250 linategemea doria chache mno. Nyavu za matundu madogo zipo kila mahali. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi, hukaushwa juani, na malori huwapeleka mpaka Kongo kupitia Uganda. Wavuaji wengi ni watu wa familia za wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame. Na ile kwikwi ndiyo hii: unamrudisha samaki wa kilo 30 majini mbele ya vijana ambao nyumbani kwao wanangoja unga. Kwako ni uhifadhi. Kwao ni kuchezea chakula, na sidhani wamekosea kuliona hivyo. Dawa yake ni kuelewana kabla boti haijaondoka: tutarudisha wakubwa, tutabaki na wa kati mmoja au wawili wa boti, na ujira wa siku ni huu. Ukilisema mapema hakuna anayekununia.

Njia ya kwenda

Rubondo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ndege ya Dar hadi Mwanza ni kama saa moja na nusu. Kutoka Mwanza kuna ndege ndogo zinazotua kisiwani, au unashika barabara. Barabara yenyewe imekuwa nyingine tangu daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Ni kilomita tatu na kitu juu ya ghuba, na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Unapita Sengerema, Geita, unaingia Chato, unateremka Kasenda, na boti ya hifadhi inakuvusha kwa takribani nusu saa. Ukitoka Dar na ndege ya alfajiri, na boti umeiagiza kabla, unalala kisiwani siku hiyohiyo. Asiye na haraka apande basi, au treni ya SGR mpaka Dodoma kisha basi, ila ahesabu na siku ya kunyoosha mgongo.

Turkana inataka moyo. Dar hadi Nairobi, Nairobi hadi Lodwar kwa ndege ndogo, halafu gari kwa kilomita kama 60 hadi Kalokol au Eliye Springs. Kwa barabara tupu ni Kitale hadi Lodwar, kilomita zipatazo 300 za joto. Upande wa mashariki, Loiyangalani, ni safari nyingine kabisa kupitia Laisamis au Marsabit, yenye kulala njiani. Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano, na shilingi za Kenya taslimu za kutosha, maana ukifika kule laini yako ya hapa haitakusaidia kulipa mafuta ya boti.

Ndege ndogo za njia zote mbili huwa hazitaki mzigo mkubwa, kilo 15 ndani ya begi laini ndicho kiwango cha kawaida. Fimbo iwe ya vipande. Ile ndefu ya kipande kimoja unayoringa nayo Msasani iache nyumbani.

Kuna jambo la kusema wazi. Kaskazini kabisa mwa Turkana, kuelekea Todonyang na mdomo wa Omo, wavuvi wa Kiturkana na Wadassanech wamekuwa wakigombania maji na nyavu, na watu wameuawa. Mvuvi wa starehe hana shughuli kule. Kaa katikati, Kalokol, Eliye na Kisiwa cha Kati, na ukiambiwa na mwenyeji leo hatuendi upande fulani, usijadiliane naye.

Upepo, jua na maji yenyewe

Sisi tumezoea kaskazi na kusi, pepo zenye majira yanayojulikana. Turkana ina upepo wa kila siku. Hupita katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya kama kwenye mlango, ukivuma kwa nguvu usiku na asubuhi, kisha mara nyingi hulegea baada ya mchana. Karibu na Loiyangalani pamejengwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, na hakuna anayejenga mitambo 365 mahali pa hewa tulivu. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba desturi yetu ya kuingia majini alfajiri haifai kule. Unaweza kukaa na kahawa mpaka saa nne ukitazama mawimbi, na saa nzuri ikaja jioni. Joto nalo linafika nyuzi 40. Maji ya ziwa yana magadi, si ya kunywa. Chukua maji ya kunywa mara mbili ya unayodhani yanatosha.

Rubondo ina kivuli, msitu hadi ukingoni, na hali ya hewa ambayo mtoto anaivumilia. Hatari yake ni radi. Dhoruba za Victoria hupenda usiku na alfajiri, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na zinaua wavuvi kila mwaka. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Boya la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Kote kuwili kuna mamba na kiboko, kwa hiyo kuogelea sahau. Victoria ina kichocho pia, na hata kusimama majini ukingoni ukisukuma boti kunatosha kukipata.

Vifaa kutoka Dar

Habari njema ni kwamba ukiwa na vifaa vya nguru na kolekole huna haja ya kununua upya. Mshipi wa nguvu ya kilo 20 hadi 30 unatosha maziwa yote mawili. Kurambaza taratibu, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti, chambo bandia ya kuzama ikitembea mita chache juu ya miamba, ndiyo njia inayofanya kazi zaidi, na mtu aliyewahi kurambaza nje ya Bongoyo atajisikia nyumbani, mradi apunguze mwendo. Nguru hukimbiza chambo, sangara huivizia.

Tofauti iko mbele ya chambo. Nguru tunamfungia waya kwa sababu ya meno. Sangara hana meno ya kukata, kinywa chake ni kama msasa, hivyo kipande cha nailoni nene cha mita moja na nusu kinamtosha, na waya huishia kumfukuza. Rubondo acha waya nyumbani. Turkana chukua vipande vichache vifupi kwa ajili ya yule Hydrocynus, ambaye atakata nailoni kabla hujajua kimekugusa nini. Nailoni na ndoano za kawaida utapata madukani karibu na Feri. Chambo bandia kubwa za kuzama ni adimu mjini, agiza mapema au azima.

Jambo moja lifanye ukiwa bado sebuleni kwako: ng'oa ndoano za pande tatu kwenye chambo zote, weka ya upande mmoja, kisha bana kile kijiwembe cha ndoano, kinachoizuia isichomoke, kwa koleo mpaka kilale. Utapoteza samaki mmoja mmoja kwa sababu hiyo. Waliobaki utawafungua kwa sekunde tano.

Kumrudisha akiwa hai

Hapa ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Samaki aliyepigwa picha dakika nne juani, akatupwa majini na kuzama taratibu, hakurudishwa. Amecheleweshewa kifo.

Sangara ni samaki anayetaka oksijeni nyingi, na maji ya vuguvugu hayana nyingi. Akipigana dakika kumi kwenye mshipi mwembamba anafika botini akiwa amechoka kupita kiasi, kwa hiyo anayejisifu kwa kutumia mshipi wa kilo 6 ajue ni nani anayelipia sifa hizo. Pili kuna bondo. Akivutwa kutoka kina kirefu, hewa ndani ya bondo hutanuka, tumbo linavimba, na ukimwachia anaelea ubavu bila kuweza kuzama, mpaka tai mvuvi amwone. Njia pekee ya uhakika ni kutomvua kina kirefu tangu mwanzo. Rubondo ni rahisi kwa hilo: maji ya karibu na miamba na mafunjo hayana kina, mita nne, sita, nane. Turkana, kwenye kuta za Kisiwa cha Kati, boti hupita haraka kutoka mita chache hadi kina kirefu, na nahodha lazima aambiwe abaki penye kina kifupi.

Nahodha mmoja wa Rubondo, mtu mzima aliyekulia mwaloni kabla ya kuajiriwa, alinionyesha namna yake bila maelezo mengi. Samaki alipofika ubavuni alizima injini, akalowanisha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akamshika taya ya chini kwa kidole gumba na kumwacha alale majini. Kijana aliyekuwa na simu akaomba amnyanyue kidogo.

"Mzee, basi hata nusu tu."

"Hapana, mwanangu. Ukimning'iniza kwa taya, uzito wote unaangukia shingo. Wewe ndiye uiname."

Yule kijana akainama, kifua juu ya ukingo wa boti, na picha ikapigwa samaki akiwa nusu majini. Mzee akawasha injini ikaenda pole kabisa, akamwelekeza samaki kichwa mbele, maji yakimpita kwenye matamvua. Mkia ulikaa bila kusogea kwa muda, kisha ukaanza kusukuma. Hakumwachia hapo. Alingoja mpaka samaki mwenyewe akang'ang'ania kutoka mkononi. Ndipo akaniambia, akikausha mikono kwenye suruali, kwamba zamani huyo wangempasua kwanza kutazama bondo, nyama baadaye.

Ukitaka kumtoa majini kwa picha, zuia pumzi yako anapotoka. Ikikuishia, naye imemuishia. Na uangalie mifuniko ya matamvua, ina makali yanayochana kiganja.

Kwa kundi la namna gani

Familia, au mtu ambaye mwenzake havui: Rubondo, bila mjadala. Wakati wewe uko majini, wengine wanatembea msituni kutafuta nzohe, yule swala wa kinamasi, na tembo, au kufuata sokwe ambao mababu zao 17 waliletwa kisiwani kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Kulala kuna banda za TANAPA za bei ya Mtanzania, na ipo kambi ya kifahari kwa aliyebarikiwa. Viingilio unalipa kwa shilingi kwa kiwango cha raia, na tofauti yake na anacholipa mgeni wa dola ni kubwa mno.

Mara ya kwanza kuvua maji baridi: Rubondo tena. Unajifunza samaki mahali ambapo boti ikiharibika kuna redio na mtu wa kuja.

Kundi la watu watatu wanne waliozoeana, wanaobeba maji na mahema yao, wasiolalamika mchanga ukiingia kwenye ugali: Turkana. Hakuna kitu cha namna ile hapa kwetu. Ziwa la kijani katikati ya mawe meusi ya volkano, mamba wa Kisiwa cha Kati, na sangara ambaye mahali pale ni pake. Lakini usiende Turkana ukitafuta samaki mkubwa zaidi, kwa ukubwa Rubondo haina cha kuonea aibu. Nenda kwa sababu ya ziwa. Na kama bajeti ni moja ya mwaka mzima, siwezi kukudanganya, Turkana itaila yote na siku mbili za safari utazipoteza kwa upepo.

Kuna na kundi jingine husema yote hayo ya nini, Rufiji ipo jirani na ina Hydrocynus tanzaniae, wa kwetu hasa. Ni kweli, na ni samaki wa kuheshimiwa. Lakini huo ni uvuvi wa mtoni, wa kurusha na si wa kurambaza, na unastahili ulinganisho wake peke yake.

Vibali

Rubondo, omba kibali cha uvuvi wa fimbo pamoja na nafasi ya kulala, si baada ya kufika, na uulize boti ngapi zinafanya kazi wiki hiyo, kwa sababu kisiwa kinaweza kuwa na nafasi ya vitanda na kisiwe na boti. Uulize pia kama inaruhusiwa kubaki na samaki mmoja wa kula, na wa urefu gani.

Turkana, leseni ya uvuvi wa michezo ni ya mamlaka ya uvuvi ya Kenya, na ukitaka Kisiwa cha Kati unalipa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kivyake. Uliza kiwango cha raia wa Afrika Mashariki kabla hawajakupigia hesabu ya mgeni. Boti ya Kalokol au Eliye ilipie nusu, iliyobaki ukirudi. Kabla hujatoa hiyo nusu ya kwanza, mwombe nahodha aiwashe injini mbele yako, na umwombe akuonyeshe injini ya pili. Kama hana ya pili, tafuta boti nyingine.